Kutunga mtihani wa kusikiliza na kuandika Kiingereza kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya China

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya China wanajua sana kufanya mitihani, na hapo ndipo kazi ya kuwapima inapokuwa ngumu. Wamefika chuoni kupitia gaokao, mtihani wa taifa wa kuingilia vyuo vikuu, ambamo Kiingereza kina alama 150. Wamezoezwa kusoma machaguo kabla sauti haijaanza, kulishuku jibu linalorudia neno lilelile lililosikika, na kukariri insha zenye nafasi wazi za kupachika mada yoyote. Usipoyajua hayo, mtihani wako utapima mbinu zao tu, na Kiingereza chao hutakiona.

Hapa tunaeleza namna ya kutunga, kuendesha na kusahihisha mtihani wa darasa wa dakika 90, yaani vipindi viwili vya dakika 45 vinavyofuatana, kama vyuo vingi vya huko vinavyopanga. Walengwa ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili ambao Kiingereza si fani yao: wahandisi, wahasibu, madaktari watarajiwa.

Ujue kwanza mtihani walio nao kichwani

Kwa wanafunzi hawa, kupima Kiingereza maana yake ni CET, mtihani wa taifa wa Kiingereza cha vyuo vikuu. Ngazi ya nne ilianza mwaka 1987 na ngazi ya sita mwaka 1989. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Katika muundo unaotumika tangu Juni 2016, ngazi ya nne huanza na insha: dakika 30, maneno 120 hadi 180. Kisha huja kusikiliza kwa takriban dakika 25, maswali 25: taarifa fupi tatu za habari zenye maswali 7, mazungumzo mawili yenye maswali 8, na vifungu vitatu vyenye maswali 10. Kila sauti hupigwa mara moja tu. Kusikiliza kuna asilimia 35 ya alama zote na insha asilimia 15. Ndani ya hiyo 35, vifungu peke yake vina asilimia 20, kwa hiyo swali moja la kifungu lina uzito mara mbili ya swali la habari au la mazungumzo.

Kwa nini ujue haya? Sababu ya kwanza ni kwamba wanafunzi wataupima mtihani wako kwa kuulinganisha na huo, na sehemu wasizozizoea zitahitaji mfano kabla ya siku yenyewe. Ya pili ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ametoka kwenye gaokao, ambako katika karatasi za kitaifa sehemu kubwa ya sauti hurudiwa mara mbili, na katika baadhi ya mikoa alama za kusikiliza hazikuingizwa kabisa kwenye jumla. Ndiyo maana darasa moja huwa na wenye tofauti kubwa mno ya masikio hata kama alama zao za kuingilia zinalingana. Usifikiri aliyepata 130 kati ya 150 anasikia vizuri. Huenda anasoma vizuri tu.

Sababu ya tatu ni karatasi za zamani. Kila duka la vitabu karibu na chuo huuza mafungu ya mitihani iliyopita ya CET, yanayoitwa zhenti, na wanafunzi wameyafanya yote, mengine zaidi ya mara moja. Ukichukua sauti ya huko utakuwa unapima kumbukumbu. Andika maandishi yako mwenyewe.

Mpango wa dakika 90

Mpango ufuatao una alama 100, 60 za kusikiliza na 40 za kuandika.

Dakika 10 za mwanzo ni za kuketi, kugawa karatasi na kupima sauti. Sehemu A, dakika 16: mazungumzo mawili na taarifa moja, kila kimoja kama dakika mbili, maswali 15 ya alama mbili mbili. Sehemu B, dakika 12: imla ya maneno 100, alama 20. Sehemu C, dakika 8: maelezo ya mtu mmoja ya dakika tatu, maswali matano ya alama mbili mbili. Sehemu D, dakika 40: insha fupi inayotokana na sehemu C, alama 40. Dakika nne za mwisho ni za kukusanya.

CET hutanguliza insha. Hapa kusikiliza kunatangulia, kwa kuwa insha inatoka kwenye kilichosikilizwa. Waeleze wiki moja kabla, tena kwa karatasi ya mfano.

Maandishi ya kusikilizwa

Kosa kubwa kuliko yote katika sehemu hii ni kuchukua makala ya gazeti na kuisoma kwa sauti. Makala imeandikwa kwa ajili ya macho: sentensi ndefu, nomino zilizofungamana, hakuna marudio. Mtu akiongea hurudia, hujisahihisha, huanza sentensi na kuiacha. Andika hoja tu kwenye karatasi, waachie wasemaji wawili waongee kwa kuzifuata hoja hizo, rekodi, kisha nakili walichosema na ukipunguze. Matokeo yake yatakuwa na "well", "I mean" na vituo vya kawaida, ambavyo ndivyo msikilizaji anavyokutana navyo duniani.

Kasi ipime, usiikadirie. Hesabu maneno, gawanya kwa dakika. CET ya ngazi ya nne huenda kwa maneno 120 hadi 140 kwa dakika na ya sita 140 hadi 160. Kwa mwaka wa kwanza lenga 120 hadi 130. Kifungu cha sehemu C kikiwa na maneno 390, kwa kasi ya 130, kitachukua dakika tatu kamili. Usipunguze kasi kwa kutumia programu, kwani sauti huvutika na silabi zisizo na mkazo huchukua urefu wasiokuwa nao. Msemaji akiwa mwepesi mno, mwambie aongeze vituo kati ya vishazi, aache maneno yenyewe yaende kama kawaida yake. Sauti ya kompyuta inafaa kwa imla. Kwa mazungumzo haifai, maana haisiti wala haikatizi.

Rekodi katika chumba chenye mapazia au zulia, maikrofoni ikiwa kama sentimita 20 kutoka kinywani na pembeni kidogo ili pumzi za herufi "p" na "b" zisilipuke. Mazungumzo yawe kati ya mwanamume na mwanamke. Sauti mbili zinazofanana humlazimisha mwanafunzi kubahatisha nani amesema nini, na hilo silo unalotaka kulipima. Vituo vya kujibia viwe ndani ya rekodi yenyewe: sekunde 40 za kupitia maswali kabla ya kila kifungu na sekunde 20 kwa kila swali baada yake. Mwalimu anayesimamisha na kuendeleza sauti kwa mkono hutoa sekunde 12 darasa la asubuhi na 25 darasa la jioni, na alama za madarasa hayo mawili haziwezi tena kulinganishwa.

Maswali ya sehemu A

Changanya aina mbili: maswali manane ya kuchagua na saba ya jibu fupi. Ya kuchagua peke yake yanabahatishwa, na ya jibu fupi peke yake huchelewesha usahihishaji.

Sikiliza mfano huu: "We were going to meet at half past three, but the lab doesn't close until four, so let's say a quarter past." Swali ni watakutana saa ngapi. Jibu ni saa kumi na robo. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba jibu huja baada ya "but", na hapa baada ya "but" kuna "four", ambalo si jibu. Anayewinda neno moja atalikamata hilo au "half past three". Ni yule aliyefuata sentensi hadi mwisho tu anayepata. Swali la namna hii halihitaji msamiati mgumu hata kidogo, lakini huwatenganisha wanafunzi vizuri sana. Usiyafanye yote hivyo, la sivyo watajifunza kinyume chake. Yapange ili jibu liwe mara kabla ya "but", mara baada, mara mbali nalo kabisa.

Yapo mambo mengine yanayowasumbua wasemaji wa Kichina kwa sababu zinazojulikana, na inafaa uyaguse kwa makusudi:

Tarakimu kubwa. Kichina huhesabu kwa makumi elfu, wan, na kwa mamilioni mia, yi. Anayesikia "three hundred and fifty thousand" lazima aigeuze kuwa wan 35, na "1.4 billion" kuwa yi 14. Kugeuza kunachukua sekunde mbili au tatu, na sentensi inayofuata hupotea. Weka tarakimu moja kubwa katika mtihani mzima na usiweke jibu jingine ndani ya sekunde tano baada yake.

Miisho ya maneno. Silabi ya Kichina sanifu huishia kwa irabu, kwa "n", "ng" au "r" tu. Kwa hiyo "-ed", "-s" na vikundi vya konsonanti mwishoni havishikiki kwa urahisi: "asked" na "ask" huonekana neno moja. Vivyo hivyo "can" na "can't" katika matamshi ya Marekani, ambako "t" humezwa. Jozi ya "thirteen" na "thirty" huipima mikazo.

Tofauti za lahaja. Mwanafunzi aliyekulia Sichuan, Hunan au Fujian anaweza kuchanganya "n" na "l". Usitunge swali ambalo jibu lake linategemea "night" na "light" pekee, kwa sababu utakuwa unapima mkoa aliotoka.

Majibu ya uongo, yaani vipotoshi, yatoke ndani ya sauti yenyewe. Kipotoshi kisichotajwa kabisa kwenye sauti hufutwa mara moja na kila mtu. Machaguo yote manne yawe na urefu unaokaribiana, kwa kuwa jibu refu na lenye tahadhari nyingi hushukiwa mara moja kuwa ndilo sahihi.

Kwa majibu mafupi, amua mapema: ruhusu Kichina. Unataka kujua kama alisikia, wala si kama anajua tahajia. Aandike "4:15", aandike kwa herufi za Kichina, vyote vipate alama mbili. Msahihishaji asiyesoma Kichina awe na mwenzake anayesoma na orodha ya majibu yanayokubalika iliyoandaliwa kabla.

Kisha fanya jaribio ambalo walimu wengi huliruka: wape watu watano au sita maswali bila sauti. Kwa maswali manane yenye machaguo manne, kubahatisha tu kunatoa mawili. Wakipata manne au zaidi, maswali yako yanajibika kwa akili ya kawaida. Yatafute hayo na uyaandike upya.

Imla

Imla huonekana ya kizamani, na CET iliachana nayo. Tunaitetea kwa nguvu zote. Ni rahisi kutunga, haibahatishiki, na inamwonyesha mwalimu hasa mahali sikio linapokatika. Mtihani wa wanafunzi wanaosomea Kiingereza, TEM wa ngazi ya nne, bado unayo, na utaratibu wake unafaa kuigwa.

Chukua maneno 100 na uyagawe vipande 10 vya maneno 8 hadi 12, kila kimoja kiishie mahali ambapo sentensi inapumua kwa kawaida. Vipande vya maneno matano havifai, maana mtu anaweza kuvishika kama mlio na kuviandika bila kuelewa. Kuanzia maneno manane lazima aelewe ili akumbuke. Soma mara nne: ya kwanza mfululizo, ya pili na ya tatu kwa kituo cha sekunde 15 baada ya kila kipande, ya nne mfululizo tena, halafu dakika moja ya kupitia. Kwa kasi ya maneno 120 kwa dakika, kazi yote ni dakika tisa na sekunde 20. Zinazobaki katika zile 12 ni za maelekezo.

Kila kipande kina alama mbili. Toa nusu alama kwa kila kosa mpaka kipande kifike sifuri, usiende chini ya hapo. Nini ni kosa? Neno lililoachwa, neno jingine mahali pake, mwisho wa neno ulioangushwa ("he work" badala ya "he worked"). Nini si kosa? Tahajia inayoonyesha wazi kwamba neno limesikika, kama "goverment", na herufi kubwa au alama za uandishi. Ukitoa alama kwa tahajia, unampunguzia aliyesikia sawasawa. Tahajia itapata zamu yake kwenye insha.

Usisahihishe imla kwa jumla tu. Kwenye karatasi yako ya pembeni weka safu tatu: miisho, maneno madogo ("of", "a", "have" yanayomezwa), na maneno yenye maana kamili. Ukimaliza darasa zima utaona safu ipi imejaa. Wanaokosa maneno yenye maana wanahitaji msamiati. Wanaokosa miisho na maneno madogo wanayajua maneno lakini hawayatambui yakiunganishwa, na kuwapa orodha nyingine ya msamiati hakuwasaidii.

Kazi ya kuandika isiyokaririka

Mpe mwanafunzi wa China mada kama "umuhimu wa kusoma" na utapokea insha ambayo nusu yake iliandikwa miezi sita iliyopita. Inaanza na "With the rapid development of society", inapita kwenye "Every coin has two sides", na inafunga na "Only in this way can we". Sentensi hizo hazina kosa la sarufi, ndiyo maana zinadanganya. Haimaanishi kwamba mwanafunzi ni mvivu. Ana dakika 30 na msahihishaji mwenye mamia ya karatasi, na amefundishwa kwamba mwanzo safi unampatia ngazi ya juu. Mitihani ya namna hiyo ndiyo iliyomfundisha, na mtihani wa namna nyingine utamfundisha vingine.

Dawa ni kazi yenye taarifa mahususi ambayo lazima itumike. Mfano wa sehemu C: mwakilishi wa wanafunzi anaeleza pendekezo la kusogeza muda wa kuzima taa mabwenini kutoka saa tano usiku hadi saa sita. Anataja sababu tatu za kukubali: maabara hufungwa saa nne, foleni ya maji ya moto ni ndefu, na wengi husoma kitandani kwa tochi ya simu hata sasa. Anataja na mbili za kukataa: wapo wenye kipindi cha saa mbili asubuhi, na chumba cha watu sita huwa na angalau mmoja anayelala mapema. Suala hili kila mwanafunzi wa bweni analifahamu, awe wa udaktari au wa madini, kwa hiyo hakuna anayebebwa na fani yake.

Agizo la sehemu D liandikwe kwa Kiingereza na Kichina: "Andika barua kwa ofisi ya mabweni, maneno 120 hadi 180. Sema unaunga mkono au unapinga. Tumia angalau hoja tatu ulizosikia, eleza ipi ina uzito kwako na kwa nini, na ujibu hoja moja ya upande wa pili." Msomaji anajulikana, lengo linajulikana, na hakuna sentensi ya kukariri inayoweza kujibu foleni ya maji ya moto.

Hapa kuna mtego wa kuuepuka. Mwanafunzi aliyesikia vibaya ataumia mara mbili, kwenye maswali ya C na kwenye insha. Ukitaka alama ya kuandika isimame peke yake, kusanya majibu ya C kwanza, kisha gawa karatasi ndogo yenye hoja tano kwa Kichina, kila moja kwa maneno machache tu. Kwa Kichina, kwa sababu ukiziandika kwa Kiingereza zitanakiliwa.

Viti vikikaribiana, andaa maagizo mawili ya uzito sawa: safu moja iandike kwa ofisi ya mabweni, nyingine imwandikie mwenzao anayepinga pendekezo.

Kusahihisha insha

CET husahihisha kwa mtazamo wa jumla: alama 15, ngazi tano ambazo vitovu vyake ni 14, 11, 8, 5 na 2. Njia hiyo inafaa kwa karatasi mamilioni. Kwa darasa, mwanafunzi akiambiwa "8" hajui afanye nini kesho. Gawanya alama 40 hivi: maudhui 12, mpangilio 8, sarufi 10, msamiati 10.

Maudhui, 10 hadi 12: hoja tatu zimetumika, msimamo umeelezwa kwa sababu, hoja pinzani imejibiwa. 7 hadi 9: kimoja kati ya hivyo kimekosekana au kimetajwa tu. 4 hadi 6: hoja moja au mbili zimeorodheshwa bila msimamo. 1 hadi 3: mada imeguswa tu. Kabla ya kutoa alama hiyo, pigia mstari maneno yote ambayo yangebaki sahihi hata kama mada ingekuwa baiskeli au chakula cha kantini. Maneno hayo usiyahesabu. Maneno mengine yakiwa chini ya 90, maudhui yasizidi 6. Kanuni hii itangazwe wiki moja kabla ya mtihani. Kuwashtukiza nayo si haki, na ikitangazwa hufanya kazi vizuri zaidi kwa kuwa wanaacha kukariri.

Kwenye sarufi, uzito wa makosa haulingani. Kichina hakina "a" na "the", hakibadilishi kitenzi kwa njeo, wala hakiongezi kiambishi cha wingi kwenye vitu. Makosa ya hapo yatajaa hata kwa mwanafunzi mzuri, na mara nyingi msomaji bado anaelewa. Yahesabu kama kundi moja: mengi, toa alama moja hadi mbili. Makosa yanayovunja sentensi ndiyo yaumize zaidi: vishazi vitatu kamili vilivyounganishwa kwa koma tu, jambo ambalo uandishi wa Kichina unaliruhusu, sentensi zenye vitenzi viwili kama "There are many students use phones", na "was happened". "Although" ikifuatwa na "but" ni nakala ya muundo wa Kichina wenye viunganishi viwili. Inakera macho, lakini maana haipotei, basi itoze kidogo. "He" na "she" kubadilishana kunatokana na matamshi, kwani vyote ni tā. Katika maandishi hutokea kwa haraka, na huumiza pale tu msomaji anapopoteza nani ni nani.

Mpangilio usiudai ufanane na vitabu vya Kiingereza. Barua ambayo msimamo wake unakuja aya ya mwisho si mbovu kama msomaji anafuata njia hadi hapo. Iadhibu ile ambayo hoja zake zinaweza kupangwa upya kwa mpangilio wowote bila chochote kubadilika.

Jihadhari na mwandiko. Wanafunzi wengi wamezoezwa mwandiko wa Hengshui, herufi za duara zilizosimama sawasawa kama zilizochapwa, na macho huipa karatasi ya namna hiyo alama kabla ya kuisoma. Ukiweza, chapisha upya karatasi chache za mwandiko mbaya na uone kama alama yako inabaki palepale.

Wasahihishaji wawe wawili. Kabla ya kuanza, chagueni karatasi nane: mbili nzuri, nne za kati, mbili dhaifu. Kila mmoja asahihishe peke yake, kisha linganisheni kigezo kwa kigezo hadi mkubaliane kwa nini. Nane hizo zibaki mezani kama kipimo. Baadaye tofauti ya alama 6 au chini kati ya 40, chukueni wastani. Ikizidi 6, msomaji wa tatu. Karatasi moja huchukua kama dakika nne, kwa hiyo darasa la watu 60 ni saa nne kwa kila msahihishaji. Zigawe mara mbili, na mara ya pili anzeni na karatasi za chini ya rundo. Majina yafunikwe. Tovuti kama Pigai, zinazotumiwa sana vyuoni huko kusahihisha insha kwa kompyuta, zinafaa kwa mazoezi ya wiki hadi wiki. Katika mtihani zisiwe na kura, maana swali la kama barua imejibu agizo linahitaji msomaji.

Siku yenyewe

Vyuo vingi hurusha sauti ya mtihani kwa redio ya FM na kila mwanafunzi huja na hedfoni zake. Tangaza masafa siku moja kabla, uyaandike ubaoni, na urushe sauti ya majaribio dakika 15 kabla. Kuwe na hedfoni tano za akiba na betri mpya. Ukitumia spika za darasani, kaa safu ya mwisho usikilize mwenyewe huku mlango ukiwa umefungwa na feni zikizunguka. Feni hufunika "s", "f" na "th" kuliko sauti nyingine, na hizo ni dhaifu tayari. Rekodi iwe kwenye fleshi mbili.

Sauti ikikatika katikati ya kifungu, usirudie sekunde chache tu. Maliza mtihani, kisha piga kifungu cha akiba chenye maswali mapya matano. Kurudia kidogo huwapa waliosikia nafasi ya pili ambayo darasa jingine halikupata.

Baada ya alama kutoka

Kwa kila swali hesabu vitu viwili. Ugumu: waliopata gawanya kwa wote. Utofautishaji: panga wanafunzi kwa alama ya jumla, chukua asilimia 27 ya juu na 27 ya chini, ambayo kwa watu 60 ni 16 na 16. Wakipata 13 wa juu na 6 wa chini, toa 6 kwenye 13, gawanya kwa 16: 0.44, swali zuri sana. Kati ya 0.30 na 0.80 ugumu unafaa. Utofautishaji chini ya 0.20 ni wa kurekebishwa. Ukiwa hasi, yaani wadhaifu wamewashinda wazuri, mara nyingi ufunguo wa majibu umekosewa au kuna majibu mawili sahihi. Sikiliza tena kabla ya kutangaza matokeo. Kipotoshi kilichochaguliwa na watu wawili au pungufu kati ya 60 hakifanyi kazi, kibadilishe.

Alama ya kufaulu vyuoni huko huwa 60 kwa 100, na wanafunzi huilinganisha na 425 ya CET. Tangu 2005 CET hutangazwa kwa kipimo kinachofika 710, chenye wastani wa 500 na mchepuko (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuuzunguka wastani) wa 70 kwa kundi la rejea, yaani kundi la wanafunzi ambalo wengine hulinganishwa nalo, na 425 ndiyo inayomruhusu mtu kujiandikisha ngazi ya sita. Inalingana na asilimia 60 ya 710 kwa hesabu tu. Nafasi yake ni mchepuko mmoja na kidogo chini ya wastani wa kundi lile, wala haimaanishi mtu alipata sita katika kila maswali kumi. Kwa hiyo usitabiri CET ya mwanafunzi kutokana na 60 yako. Kwa mpaka wako mwenyewe, keti na walimu watatu, mpitie swali kwa swali mkiuliza mwanafunzi anayestahili kufaulu kwa shida angepata asilimia ngapi, kisha jumlisheni. Ikitoka 54, basi 54 ndiyo inayolingana na 60 ya chuo, nanyi mgeuze alama kwa msingi huo.

Rudisha karatasi ndani ya wiki mbili, zikiwa na alama nne za insha zilizotenganishwa na safu tatu za imla. Rekodi na maswali yaliyopita vigezo vya hapo juu yahifadhi pamoja na tarehe, darasa na takwimu zake, na usiyatumie tena kwa kundi lililo chuoni wakati huohuo, kwa sababu jioni ya siku hiyo hiyo maswali yatakuwa yameshazunguka mabwenini.